Mguu wa Mama Mkwe Kwenye Breki

Fanwell Mwewa alikuwa fundi mzuri na mkwe mbaya, na katika Nchelenge, kando ya ziwa, miaka ile ya hamsini watu walilijua zaidi lile la pili. Ufundi aliupata Elizabethville, ng'ambo ya mpaka, kwenye gereji ya Mbelgiji mmoja aliyemfundisha kazi kwa Kiswahili na kumtukana kwa Kifaransa. Ukwe aliupata Kashikishi, siku alipokwenda sokoni kutazama samaki akaishia kumtazama Jessy.

Jessy hakuwa na shida. Shida ilikuwa mama yake, Matildah, mjane na mchuuzi wa samaki wakavu, mwanamke ambaye hata wavuvi wa kisiwa cha Chisenga walishusha bei walipomwona anashuka kwenye mtumbwi, ili yaishe mapema.

Desturi ya watu wa ziwani ni kwamba mwanamume akioa hasemi na mama mkwe wake wala hakutani naye uso kwa uso. Akimwona njiani anajitupa majanini mpaka mama apite. Anaishi hivyo hadi siku ile familia ya mke itakapompikia na kumfanyia sherehe ya kumwingiza nyumbani. Wengine huingizwa mara tu mtoto wa kwanza anapoanza kutambaa. Fanwell alikuwa na watoto watatu, mkubwa wao Mwaba tayari anachunga mbuzi, na baba mtu bado alikuwa anajitupa majanini. Kulikuwa na kichaka karibu na kisima ambacho majirani walikiita kwa Fanwell.

Sababu za Matildah zilibadilika kwa msimu. Kwanza ilikuwa msiba. Halafu ikawa mvua. Halafu samaki wamepungua, na mkwe haingizwi kwa majani ya mihogo. Mwaka mmoja alisema Fanwell anapiga mluzi akifanya kazi, na mtu anayepiga mluzi hana la kufikiri. Mluzi ulikuwa kweli. Fanwell aliuacha siku hiyo hiyo, na hakuingizwa.

Sasa, familia ya Matildah ilikuwa na gari, vani la kijivu lenye milango miwili nyuma. Siku za kazi lilibeba samaki. Jumapili walifagia magamba, wakapanga mabenchi ndani, likabeba ukoo mzima kwenda kanisani, wote wakinukia kama mzigo wa juzi. Dereva alikuwa Kapembwa, mdogo wake Matildah, mtu wa kofia na maneno makubwa, aliyeamini kwamba maadamu gari linatembea halidai kitu. Aliyelitunza ni Fanwell, na alilitunza kwa kuvizia. Matildah akivuka kwenda visiwani, Fanwell anatoka kichakani na spana zake. Mama akirudi, anakuta gari linaguruma vizuri na hakuna mtu. Alikuwa akilipiga gari kofi la upendo na kulisifu kwa kujitengeneza.

Halafu likaja jambo la matope. Safari moja vani lilizimika kabla ya kufika Mwansabombwe, na Matildah, akiwa amevaa sare nzima ya akina mama wa kanisa, akashuka kusukuma. Liliponguruma liliondoka ghafla, naye akabaki chini amelala kifudifudi mbele ya wachungaji wawili. Aliporudi nyumbani alimwita Jessy, akasema maneno ambayo Jessy aliyabeba kwa mumewe bila kumwaga hata tone. Jumamosi mpwa wake Mulenga anaolewa Mwansabombwe. Gari likimfikisha na kumrudisha bila yeye kushuka kusukuma, Fanwell ataingizwa kabla ya mvua. Likimshusha njiani, basi azeekee huko huko majanini, na asiulize tena.

Jumamosi hiyo Fanwell alianza kazi jogoo wakiwa bado wanajaribu koo. Alimwaga mafuta machafu ya injini, akaweka mapya. Plagi alizisugua kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa. Pengo la pointi za moto, zile za kutoa cheche, alilipima kwa kipande cha karatasi ngumu ya pakiti ya sigara, maana kipimo cha kweli kilibaki Elizabethville mfukoni mwa Mbelgiji. Kabureta aliifungua akaipuliza mpaka masikio yakaziba. Alipofungua rejeta kumwaga maji, walitoka samaki, wadogo, weupe, wameiva vizuri.

Akamwita Kapembwa aje aone.

"Kapembwa, maji ya rejeta unatosha wapi?" aliuliza kwa Kiswahili cha gereji, ambacho kutosha ni kutoa.

"Mu ziwa."

"Na hauchunge na kitambaa?"

"Maji ni maji," alisema Kapembwa, akiwatazama wale samaki kwa makini. "Hata sisi tunakunywa na hatukufa. Uko na chumvi, weye?"

Fanwell akakumbuka kwamba huyu ni mjomba wa mke wake, na kwamba spana ni kitu kizito. Akaisuuza rejeta, akaijaza maji yaliyochujwa.

Zikabaki breki, ambazo yule Mbelgiji aliziita freni. Mpira ndani ya breki ya nyuma ulikuwa umekwisha na mafuta yalikuwa yakivuja, akaweka mpya. Lakini breki ikifunguliwa, hewa huingia kwenye mabomba, na hewa ikiwamo, pedali inazama mpaka sakafuni na gari linakwenda linakotaka lenyewe. Kuitoa ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kitini, anakanyaga na kushikilia. Mwingine yuko chini, anafungua nati ndogo hewa itoke, anaifunga, ndipo wa juu anaachia. Mtu wa juu alikuwa awe Kapembwa. Kapembwa akasema harusini hakuendwi na nywele kama zile, akaenda kunyolewa. Jessy alikuwa ziwani akiwaogesha watoto. Fanwell akalala chini ya gari peke yake, akitazama nati na kusubiri.

Akasikia mlango unafunguliwa. Gari likainama upande mmoja. Aliinua shingo akitaka kumwambia Kapembwa kwamba huyo kinyozi ana mikono myepesi, akaona kwenye ngazi ya mlango kiatu cheupe cha turubai kilichopakwa chaki, na juu yake pindo la sare. Matildah alikuwa amekuja mapema ili mtu asije akamkalia kiti chake cha mbele. Na kwa kuwa usukani ulikuwa upande wenye kivuli, alikuwa amekaa nyuma ya usukani.

Fanwell aliogopa, tena sana. Kutoka asingeweza, angetokea miguuni pa mama mkwe, kifua wazi, amejaa grisi. Kubaki asingeweza, kwa sababu jua lilikuwa linapanda na breki zilikuwa zimejaa hewa. Akajaribu kupumua taratibu. Vumbi likamwingia puani, akapiga chafya.

Juu sauti ikasikika, kwa Kiswahili.

Hapo inafaa ieleweke kwamba kwa watu wale heshima yote ilikaa kwenye Kibemba. Kibemba ndicho cha kusalimia wazee, kuoa na kuzika. Kiswahili kilikuwa cha sokoni, cha kupunguziana bei na watu waliovuka kutoka Kilwa ya ng'ambo ya ziwa, si ile ya pwani, na mtu akikisema haheshimu wala hadharau, anafanya biashara tu. Matildah alikuwa ameona upenyo. Zaidi ya hayo hakusema na mtu. Alisema na usukani.

"Weye gari," alisema, "minasikia kintu inapiga chafya chini yako. Njo panya, ao njo mutu?"

Fanwell akafikiri. Akaligeukia gurudumu la nyuma.

"Weye gurudumu," alisema, "hapa njo mutu. Iko na kazi ya freni. Anakosa mutu mwingine wa kukanyaga."

"Gari, ule Kapembwa iko wapi?"

"Gurudumu, Kapembwa ameenda kunyolewa."

"Gari, ule mudogo yangu kichwa yake haina kintu, ni nywele tu, na sasa anaitosha." Akaitazama miguu yake. "Hapa juu kuko miguu. Lakini iko na viatu ya kanisa. Pedali njo gani? Minaona tatu."

"Ya katikati, gurudumu. Anakanyaga mpaka chini, anashikilia. Anangoja mi naita, njo anaachilia."

Wakaanza. Kazi ilikwenda, maana mguu wa Matildah ulikuwa mguu wa kazi. Mapovu yakatoka kwenye mpira mwembamba aliouchomeka kwenye nati na kuuchovya kwenye mkebe. Ila mama naye alikuwa amepata mtu asiyeweza kutoka wala kujibu, akaona ni dhambi kupoteza nafasi.

"Gari, nimekanyaga. Na ujue, siku ya ndoa ule mutu alikula kuku wazee hawajamaliza kunawa."

"Gurudumu, aachilie."

"Gari, nimeachilia. Na mutoto yangu alikonda mwaka wa kwanza."

"Gurudumu, akanyage."

"Nimekanyaga. Na aliacha kupiga mluzi. Nani alimutuma aache? Sasa ikitengenezwa hii gari hatujue kama ule mutu iko kule ao alikufa." Na kwa hasira ya neno hilo akainua mguu.

Nati ilikuwa wazi. Fanwell aliisikia hewa ikifyonzwa, ikirudi ndani ya bomba, asubuhi nzima ikirudi nayo.

"Hapana kutosha muguu!" alifoka. "Nimesema ungoje! Unasikia na nini?"

Kelele zake ziligonga chuma zikamrudia. Hapo ndipo alipoelewa amemfokea nani, na kwamba hakulitaja gurudumu. Alilala pale na mkono kwenye nati, akijua kwamba mtu aliyemfokea mama mkwe haingizwi, anarudishwa kwao, na kwamba Jessy atalia.

Matildah alijigeuza. Kiti kililia kidogo.

"Gari," alisema polepole, "ule mutu amenifokea?"

Kuomba msamaha kulikuwa kwingi mdomoni, lakini Fanwell alikuwa amechoka na majani ya miaka yote, na pia alichokifokea kilikuwa kweli.

"Gurudumu," alisema, "kama muguu inatoka mbele ya wakati, hewa inarudi. Hewa ikirudi, freni hapana. Balabala ya Mwansabombwe inashuka mu mutoni, na mama ya bibi yangu anakaa mbele. Mi naogopa. Njo ile tu. Sitaki afe sababu ya kunichukia."

Alitazama nati. Kisha pedali ikashuka juu yake, polepole, mpaka chini, ikakaa. Aliacha ikae makusudi, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Haikutikisika.

"Aachilie," alisema kwa sauti ya chini, na mguu ukaachia.

Walizunguka magurudumu yote manne hivyo. Fanwell alikuwa akitambaa chini kwa chini kama mjusi ili asionekane, na Matildah alikuwa akitazama ziwa. Hapakuwa na lawama tena, na hilo lilimtisha zaidi kuliko lawama. Pedali ilipokuwa ngumu, Matildah alisema kwamba sasa inakanyagika kama ardhi, akashuka, akahamia kiti chake upande wa pili.

Kapembwa alirudi kichwa kinang'aa, ananuka pombe ya mtama, akaweka mkono kwenye mlango wa dereva. Dada yake alimwonyesha nyuma kwa kidole.

"Kapembwa, ingia kule na batoto," alisema. Kisha akauambia usukani: "Na weye, uambie ule mutu avae shati. Mwenye kutengeneza njo anaendesha."

Jessy alirudi na watoto wamelowa, akamkuta mumewe amekaa bega kwa bega na mama yake, wote wawili wanatazama kioo cha mbele kama watu wanaopigwa picha. Alitaka kuuliza. Akaona afadhali apande.

Gari lilikwenda vizuri sana. Injini haikukohoa, rejeta haikuchemsha kitu. Waliliacha ziwa, wakapita vijiji vya mihogo, na nyuma Kapembwa akaanza kueleza jinsi alivyolitengeneza. Kwenye ule mteremko wa mtoni, mwendesha baiskeli mmoja aliyebeba kapu la samaki refu kuliko yeye alianguka katikati ya daraja la magogo. Fanwell akakanyaga. Vani likasimama pale pale, mbele kidogo ya gurudumu la baiskeli, na mabenchi yote ya nyuma yakaja mbele na watu wake.

Yule mtu aliokota samaki wake, akapita. Matildah akarekebisha kofia. Kisha akageuza uso, akamtazama Fanwell machoni, na akasema kwa Kibemba, bila gari, bila usukani, kwamba anaendesha kama mtu aliyebebeshwa mayai ya jirani, na harusi itakwisha wakiwa barabarani.

Fanwell alisahau miguu yake iko wapi. Akaiinua yote miwili kwa pamoja, gari likaruka mara moja na kuzimika. Betri ilikuwa imezeeka, ikagugumia ikanyamaza. Ule mkono wa chuma wa kuwashia injini ulikuwa umebaki Nchelenge, kwa kuwa Kapembwa alikuwa akitishia nao mbwa.

Basi ni kusukuma. Fanwell alijua maana yake, akashika kitasa ashuke, akiona kichaka cha kisimani kinamngoja. Mkono wa Matildah ukamkamata bega.

"Kaa," alisema kwa Kibemba. "Mkwe wangu hasukumi gari mbele ya watu. Watasema nimemwingiza mtu nikamfanya mtumwa."

Akashuka, akajifunga kitenge juu ya sare yake, akamtoa Kapembwa nyuma kwa ukosi wa shati, na wakasukuma. Liliwaka upesi, maana lilikuwa limetengenezwa vizuri.