Siku Niliyowalenga Wakwe kwa Darubini

Nianze kwa kuwataja wote waliokuwepo, asije mtu akasema nimemficha fulani. Nilikuwepo mimi Zablon, mwenye aibu yenyewe. Alikuwepo dada yangu Nyaboke, aliyekuwa akiposwa siku hiyo, na jirani yetu Mzee Ontiri pamoja na bunduki yake. Alikuwepo Mama Kerubo, esigani wetu, yaani mtu wa katikati anayebeba maneno baina ya nyumba mbili zinazotaka kuoana. Na kutoka Ogembo walikuja kijana mwenyewe, Kepha, na mama yake, na baba yake Mwalimu Mogaka, mwalimu mkuu mstaafu. Ng'ombe wa mahari hawakuwepo, maana siku ile ilikuwa ya maneno tu, na nashukuru Mungu, kwa sababu nao wangekimbia.

Wazazi wetu walituacha nikiwa kidato cha pili. Nikaacha shule, nikajifunza kuchomelea vyuma pale Kebirigo, nikalea wadogo zangu watatu kwa mageti na madirisha ya watu. Nyaboke ndiye wa kwanza kuombwa kwa heshima, na kwa kuwa baba hayupo, baba ni mimi. Kitu kimoja tu nilikiogopa: wageni wakute fujo, warudi kwao wakisema, "Wale ni mayatima, hawakupata wa kuwafunza adabu." Kwa hiyo nilifagia boma, nikapaka nyumba chokaa, na ilipobaki nikaupaka hata mparachichi kiunoni.

Sasa bunduki. Mzee Ontiri alikuwa askari wa wanyamapori, na ana leseni yake halali ya bunduki moja kuukuu, mali ya jeshi zamani, iliyouzwa wanajeshi walipopewa mpya, nzito kama mlango. Tatizo lilikuwa macho. Tumbili walikuwa wanakaa juu ya migomba yake, wanamenya ndizi wakimtazama, na yeye haoni tumbili wala ndizi. Basi mwanawe akamnunulia darubini, mzee akaandikiwa barua ya ruhusa pale polisi, akaniletea niifunge juu ya bunduki. Mara ya kwanza niliifunga mgongoni katikati (nilijiona fundi kweli), kumbe ukitaka kuinua komeo, kile chuma cha kusukuma risasi ndani, linagonga darubini na halifunguki kabisa. Nikaitoa, nikakata kipande cha chuma, nikaihamishia ubavuni kwa skrubu nne. Ikabaki kazi moja tu, kulinganisha darubini na mtutu, ili jicho linapotazama ndipo risasi iende.

Na sheria haimruhusu Mzee Ontiri kumwachia mtu bunduki yake, kwa hiyo kila ilipokuja kwangu alikuja nayo na kukaa kando yake kama anayeuguza mgonjwa. Na yeye ndiye mzee niliyemwomba atuzungumzie kwa wageni. Basi Jumapili ile asubuhi akaingia na koti na tai, na bunduki begani.

"Mzee, hata leo?"

"Nimwachie nani? Tumbili?"

Wageni walikuwa wameambiwa saa nne. Saa yangu ilisema saa tatu na nusu, na kila mtu huku kwetu anajua kwamba saa nne ya wageni ni saa saba na chai imepoa. Nikajiambia, kazi ya robo saa hii, kwa nini nisiimalize mzee naye atulie? Huo ndio uamuzi mdogo ulioniponza. (Nilisahau kwamba Mwalimu Mogaka amesimamia kengele ya shule miaka thelathini.)

Jinsi ya kulinganisha ni hivi. Unatoa komeo lote, unaibana bunduki kwenye vaisi, ile taya ya chuma kwenye meza yangu ya kazi, unachungulia ndani ya mtutu kama mtu anayechungulia bomba, mpaka uone alama fulani ya mbali katikati ya lile tundu. Halafu, bila kutikisa kitu, unachungulia kwenye darubini na kuzungusha skrubu mpaka msalaba wake nao uangukie alama ileile. Risasi hakuna. Komeo hakuna. Ni mti na bomba tu. Alama niliyoichagua ilikuwa nguzo nyeupe ya kibanda cha kuuzia majani chai, kule chini njia inapoanza kupanda kuja kwetu, kwa sababu pande nyingine zote ni migomba.

Mtutu ulikuwa sawa. Nikahamia kwenye darubini, bado nina miwani ya kuchomelea kwenye paji la uso na aproni imeungua hapa na pale. Nikachungulia. Nguzo hakuna.

"Mzee, nguzo imetoka."

"Nguzo haitoki. Zungusha kushoto."

Nikazungusha. Nikaona tai nyekundu.

"Naona tai."

"Tai ndege ama ya shingo?"

"Ya shingo, Mzee. Ina pini." Nikapandisha kidogo. "Naona na kofia. Huyu mtu ana pengo la jino."

Mzee Ontiri, ambaye masikio yake nayo yamechoka na kwa hiyo huzungumza kwa sauti ya kuita ng'ombe, akapaza sauti bonde zima likasikia, "KAMA UMEMWONA VIZURI, USITIKISIKE! HAPO HAPO!"

Mwenye pengo akainua uso. Tukatazamana, mimi na Mwalimu Mogaka, kwa mara ya kwanza maishani, yeye kwa macho mawili na mimi kwa moja.

Walikuwa wamesimama kibandani, Mama Kerubo akiwaongoza, kufuta viatu vumbi na kungoja saa nne ifike kamili. Na kuna jambo sijawaambia. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemtania Mama Kerubo, "Waambie mimi ni yatima, sina wa kunizuia, wakinichezea nitawapokea kwa njia yangu." Ulikuwa utani. Lakini kazi ya esigani ni kufikisha maneno, na Mama Kerubo alikuwa ameyafikisha yote, bila kicheko.

Niliona kofia ikiruka. Mwalimu aliingia kwenye majani chai kama sungura, suti na yote. Mkewe akakaa chini palepale na kujifunika leso kichwani, kana kwamba leso inazuia risasi. Mama Kerubo akawa anapiga mayowe kwa lugha yetu ya Ekegusii kwamba yeye alileta maneno tu, maneno si yake.

Mtu mwenye akili angebaki pale pale, apunge mkono. Mimi nikanyakua lile komeo mezani ili niwaonyeshe kwamba bunduki haiwezi kulia, nikateremka mbio nikilipunga hewani na kupiga kelele, "Haina risasi! Haina risasi!" Sasa fikiria unaona mtu wa aproni iliyoungua, miwani myeusi imemshukia machoni, anakujia mbio na chuma mkononi. Na nyuma yangu nani? Mzee Ontiri! Aliponiona naondoka aliogopa kuvunja sheria kwa kuiacha bunduki peke yake, akaifungua kwenye vaisi, na kwa kuwa hakutaka kukosa yanayotokea huko chini, akaja nayo.

Aliyebaki amesimama alikuwa Kepha peke yake, mikono juu, kreti ya soda miguuni. Nilipomfikia akasema kwa sauti nyembamba, "Shemeji, kama kuna neno, nimalizeni mimi. Baba mwacheni." (Baadaye aliniambia kwamba miguu ilikataa tu. Lakini Nyaboke, aliyekuwa hatua chache nyuma yetu, alikuwa ameshasikia, na hajali miguu ilisema nini.)

Nyaboke alifika na kiatu kimoja. "Zablon! Miaka yote hii unanilea, na leo ndio unanifukuzia mume!"

Nilisimama pale nikisikia yale maneno ya mayatima yakitangazwa hadi Ogembo.

Majani chai yakatikisika. Mwalimu Mogaka akatoka polepole, majani mabichi kwenye kola, akaokota kofia yake, akaja mpaka mbele yangu na kuonyesha mkono wangu.

"Hicho ni nini?"

"Komeo, Mwalimu. Bila hili, ile bunduki ni mti tu."

"Kwa hiyo mimi nimekimbia mti."

"Ndiyo, Mwalimu."

Halafu chini ya leso kikatoka kicheko, kidogo, kikakatika, kikarudi kikubwa. Ni mama mkwe. Alicheka mpaka akashika nguzo yangu nyeupe. Mwalimu akamtazama, akatazama saa yake.

"Saa nne kamili," akasema. "Twendeni."

Maneno yakaenda vizuri kuliko nilivyostahili. Kabla ya kuanza tu, Mwalimu alisimama. "Nina miaka sabini na moja, na leo nimekimbizwa mbele ya mke wangu. Sitaki mbuzi wa faini. Siku mtakapomleta binti, huyu kaka aliye baba yake atashukia barabarani, na atapanda mbio kilima chetu mpaka mlangoni kwangu, akiwa na suti. Mimi nitakaa kwenye kiti nikimtazama kwa darubini."

"Darubini nitaileta mwenyewe," akasema Mzee Ontiri, mzee wa upande wangu. "Ikiwa peke yake haihitaji leseni."

Tangu siku ile, wageni wakitarajiwa sishiki hata bisibisi, wala simtumi esigani na utani. Nyaboke ameshashona gauni. Harusi ni Jumapili ijayo, na kila jioni nakimbia kutoka kibandani mpaka nyumbani, watoto wakinihesabia.

Leo asubuhi Mwalimu amenipigia simu. Hakusalimia sana.

"Mkwe, kilima chetu wamekimwagia kokoto," akasema. "Uje na viatu vigumu."