Siku Tuliyopeleka Tangi kwa Shosho Wambura

Jumamosi, tarehe kumi na mbili mwezi wa saba. Asubuhi ukungu ulikuwa umefunika mtaa wetu wa Ruring'u hata uwanja wa michezo sikuuona, na kulikuwa na yale manyunyu ya Nyeri ambayo hayanyeshi na hayaachi.

Ninyi wa nyumbani Bungoma mmeniuliza mara mbili hicho chama changu ni cha nini, na kama ni kanisa. Si kanisa. Ni watu wa hapa mjini, mwalimu, muuguzi, mwenye duka, wanaokutana kila Jumatano kunywa chai na kucheka, halafu wanapanga ni nani wa kusaidiwa. Mimi walinialika kwa sababu ni fundi wa bomba. Miezi mitatu nimekaa kama mgeni, na Jumatano inayokuja ndiyo nilikuwa nipokewe niwe mwanachama kamili. Sijui kama nilistahili, shule niliacha darasa la nane. Lakini nilitaka sana, siwezi kuficha. Tangu tuhamie huku kwa kazi ya Mama Nekesa ya ualimu, mtaani naitwa bwana ya mwalimu. Kule chamani naitwa Wafula.

Saa moja tuliondoka, watu kumi na mmoja, magari mawili. Mbele ilikuwa pikapu ya Kariuki, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ikiwa na tangi jeusi la maji limefungwa kamba kama ng'ombe anayepelekwa sokoni. Nyuma lilikuja gari la Mwenyekiti wetu, Madam Gathoni, muuguzi aliyestaafu. Tangi lilikuwa la Shosho Wambura, shosho huku ndiyo nyanya, mjane wa ng'ambo ya Sagana, ambaye huteka maji mtoni na kupanda mlima mtungi ukiwa mgongoni, kamba kichwani.

Karatina tulisimama kununua mikate na soda za mchana. Hapo ndipo Madam Gathoni alipotukumbusha sheria ya chama: hatuli kwa mtu tunayemsaidia. Mimi niliisikia mara ya kwanza, au labda ilisemwa Jumatano moja nikiwa na mandazi mdomoni, sitaki kumsingizia mtu. Na sheria yenyewe ina sababu. Alitueleza kwamba zamani walikula nyumba moja wakashiba vizuri, baadaye wakasikia watoto wa pale walilala njaa siku mbili.

Niliitikia kwa kichwa kama wenzangu. Lakini Jumanne nilikuwa nimetumwa peke yangu kupima paa la Shosho. Shosho aliniuliza tutakuja wangapi, na kama kuna kitu hatuli. Nilimjibu tuko kumi na mmoja na tunakula kila kitu. Ninyi mngejibu nini? Kwetu kuna jibu lingine? Pale Karatina nilitaka kusema. Sikusema. Nilijiambia pengine mama wa watu aliuliza tu ili tuongee.

Sagana tulipokewa na jua. Tulivua majaketi, tukavuka mto, tukapanda njia ya udongo mwekundu hadi kwa Shosho. Ilikuwa saa tatu na nusu. Kitu cha kwanza nilichoona ni moshi mzito jikoni, na akina mama watatu wa jirani wakimenya viazi. Kitu cha pili ni manyoya ya kuku nyuma ya nyumba, bado mabichi. Nikaomba ngazi haraka nikapanda juu ya paa.

Hadi saa saba tulifanya kazi, na naweza kusema bila kujisifu kwamba ilikuwa kazi nzuri. Gata za kukinga maji ya mvua zilikaa sawa, bomba likaingia kwenye tangi bila kuvuja. Wote tulikuwa tumevaa vile vizibao vya manjano vyenye jina la chama. Kila nilipotazama chini, Shosho alikuwa amesimama akinitazama, anacheka, ananiita kijana wangu.

Halafu akaleta birika la maji moto na beseni, tunawe mikono.

Madam Gathoni alimshukuru kwa heshima yote, kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, akamwambia tumebeba chakula chetu, asisumbuke. Shosho hakupaza sauti. Aliweka beseni chini.

"Basi fungueni hiyo kitu yenu mwende nayo."

"Shosho, hiyo ni yako," Madam alisema.

"Yangu aje? Hawa mama wamenisaidia kupika tangu asubuhi. Kesho watasema watu kumi na moja walikataa chakula ya Wambura. Nitakunywa maji ya hiyo tangi nikiwa mtu wa aina gani?"

Wale akina mama walitazama mahali pengine. Madam Gathoni akaniambia polepole kwamba mwenyewe akikataa hatuwezi kumlazimisha, nianze kufungua. Mpaka sasa sijui kama alimaanisha au alikuwa anampima Shosho. Nilichukua spana nikashika nati ya kwanza. Nikaiweka spana chini. Akilini nilimwona Shosho akirudi mtoni Jumatatu na mtungi wake, na mimi ndiye niliyemchinjisha kuku.

Nilisema nikiwa nimeinama, nikiongea na tangi. "Madam, ni mimi. Jumanne nilimwambia tunakula kila kitu."

"Na Karatina ulikuwa wapi?"

Kariuki akanitangulia. "Ati mnatuma mtu wa Bungoma kupima paa, na kuku wanatembea hapo chini?" Watu walicheka, hata mama mmoja wa jirani, si mnajua huku tunavyosifiwa kwa kupenda kuku. Mimi iliniuma kidogo, lakini nikitaka kuwa mkweli, siwezi kuapa kwamba siku ile sikuwaona hao kuku.

Mtu mmoja akavua kizibao chake. Akasema chama hakili, lakini yeye kama yeye ana njaa. Wengine nao wakaanza kuvua. Nami nilivua, nikidhani tumepata njia.

"Mnavua kwa nini?" Shosho aliuliza. "Vaeni. Nataka ionekane ni nani walikula kwangu."

Tukamtazama Mwenyekiti. Yeye alikuwa ameinua macho akikagua gata, ambazo hazikuwa na kasoro. Hakuturuhusu na hakutukataza. Tukavaa tena, tukanawa, tukala mukimo wa viazi vya kupondwa, kuku, na njahi, yale maharagwe meusi, na Shosho akazunguka akituongezea. Mmoja wetu aliongoza sala, Shosho akalipokea tangi. Madam Gathoni alikaa kando akala mkate wake mkavu na soda. Sikumwona akikasirika. Alikula kama mtu anayemaliza dawa.

Tulipokuwa tunaondoka Shosho alinipa mkebe wenye kifuniko, akanong'ona: "Huyo mkubwa wenu ako na kiapo chake, sawa. Lakini chakula yake itatoka na yeye hapa."

Njia ya kurudi nilipanda gari la Madam, mkebe magotini. Baada ya Karatina ukungu ulirudi. Nilimwambia ni wake.

"Beba wewe, Wafula. Nikikula hiyo, siku ingine nitamkataza nani?" Kisha akasema, "Jumatano uje."

Nije kupokewa au nije kusemwa, sikuuliza. Mnaweza kutaka kujua nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba ukitumwa kupima paa, rudi na vipimo na maneno pia. Lakini ni nani kati ya wale mama wawili alikuwa na haki, hilo nimeligeuza tangu Karatina na linanishinda. Nikimpa mmoja haki naona nimemwibia mwingine.

Saa kumi na mbili nilifika Ruring'u, manyunyu bado. Mama Nekesa alifungua mkebe, akasikiliza habari yote, akauliza kitu kimoja tu: huu mkebe utarudi Sagana na nini ndani, kwa sababu mkebe wa mtu haurudi mtupu. Tukakaa mezani, mimi na yeye na watoto wawili. Tulikula mukimo na kuku wa Madam Gathoni. Juu kabisa Shosho alikuwa ameweka firigisi, na kwetu mnajua hiyo huwekewa mwanamume mwenye nyumba. Niliisukuma pembeni, kwa kuwa haikuwekewa mimi. Mama Nekesa aliikata vipande vinne, vyote sawa, tukaila.