Mayai ya Chini ya Kitanda

Mpaka leo nikisikia mtu anamwita mtoto mdogo mwizi, damu inanichemka. Binti yangu wa kwanza aliitwa hivyo kabla hata hajaweza kulitamka neno lenyewe.

Miaka ile ya sabini tulikaa Kasulu, mume wangu akishona nguo kwenye baraza la duka mjini. Niliposhika mimba ya pili, binti hajatimiza hata miaka miwili, ikaamuliwa aachishwe ziwa mara moja na kupelekwa Busunzu kwa bibi yake, mama mkwe wangu. Ndiyo desturi. Maziwa ya mjamzito yanasemekana kumharibu anayenyonya, na mtoto akibaki karibu atayalilia. Nilipinga, lakini nani anamsikiliza mke aliyeolewa juzi? Nilifunga matiti kwa kitenge, nikalia peke yangu.

Nilipomfuata, mdogo wake alikuwa ameshaanza kukaa. Binti yangu sikumtambua. Nywele zimekuwa nyepesi, rangi ya vumbi, tumbo limetangulia mbele, miguu vijiti vitupu. Hayo niliyahofia tangu mwanzo. Hasira zake ndizo sikuzitegemea. Akiguswa anang'ata. Akinyimwa kitu anajitupa chini na kugonga kichwa ukutani. Jirani alimkuta jikoni kwake, mkono umezama kwenye chungu cha maharage. Mama mkwe aliniambia, kwa huzuni ya kweli, kwamba mjukuu wake ana roho ya wizi na hata fimbo haijasaidia.

Nikauliza anakula nini. Ugali wa muhogo na mchuzi wa maharage, akasema. Maharage yenyewe ni ya watu wazima wanaolima. Na kuku wanataga humo humo ndani! Mayai yalipangwa kwenye kikapu cha pumba chini ya kitanda, yakingoja kupelekwa kuuzwa Kibondo. Nikauliza kwa nini mtoto asipewe hata moja.

"Mtoto akila mayai anakuwa mwizi, mwanangu," alisema. "Hata mumeo sikumpa."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mtoto ananyimwa yai asije akawa mwizi, njaa inamfanya aibe, halafu anachapwa kwa kuiba. Nilieleza mpaka sauti ikanikauka. Na yule mama hakuwa mkatili. Alimbeba mjukuu wake mgongoni mpaka kiuno kikamuuma. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mkatili ningejua la kumwambia.

Nikarudi na binti yangu Kasulu. Yai nililipika kila nilipolipata, dagaa wa Kigoma nikawatwanga kwenye uji, na maharage alikula yenyewe, si maji yake. Nywele zilitangulia kupona, tabia ikachelewa sana. Alificha matonge ya ugali chini ya mkeka mpaka yakaota ukungu. Mgeni akiingia alimtazama mikono kwanza, uso baadaye. Nilichoka, sisemi uongo. Kuna siku nilitoka nje nikamwacha apige kelele zake. Lakini pole pole akaacha kugonga kichwa, kisha akaacha kung'ata.

Mama mkwe alipokuja kututembelea alifurahi mno kumwona. Dawa ya kuzuia wizi aliyomfunga kiunoni kule Busunzu, alisema, imefanya kazi. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, yeye aliyeniona nikitwanga dagaa kila asubuhi! Wakati huo nilikuwa na mimba ya tatu, na mdogo bado ananyonya. Bibi hakukaa sana kwenye kiti. Alikunjua kitenge cha kubebea, akanyoosha mkono kwa yule mdogo aliyekuwa akicheza mkekani.

"Huyu nipeni mapema," alisema. "Sasa nimeshajua namna ya kumlea."

Kabla sijafungua mdomo, binti yangu aliinuka kwenye kigoda chake, akasimama kati ya bibi na mdogo wake, akaung'ata ule mkono.

Mume wangu alinitaka nimchape pale pale. Sikumchapa, wala sikumkanya. Nilimwinua mdogo mkekani, nikampakata, nikamwambia mama mkwe kwamba huyu haendi.