Dada Yangu wa Nia-Nia

Nisiwafiche, wenzangu, hata leo nikitoka sokoni na kapu langu napita njia ndefu, ile yenye vumbi, ili nisionekane mbele ya nyumba ya Mama Beti, na aibu hiyo sikuletewa na mtu, niliipika mwenyewe, nikaipakua mwenyewe, nikaila hadharani huku wanawake kumi na wawili wananitazama.

Mnajua ninakaa Saio, hapa Bunia, chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu, tangu tulipokimbia vita kutoka upande wa Djugu. Mwanangu Dieumerci alipokwenda Kampala kutafuta kazi aliniachia simu, na ndani ya simu kadi yenye tamthilia nzima, ile ya kigeni inayosemwa Kifaransa, ya mwanamke anayeitwa Klarisa aliyeolewa na tajiri wa mashamba na farasi, na mama mkwe wake anamtilia sumu kidogo kidogo kwenye maziwa. Jioni zangu zote zilikuwa hizo. Yule mama mkwe nilimpa jina, Madamu Pilipili, kwa vile alivyokunja mdomo, nikamcheka kwa sauti, kisha nikageuka kuona nani mwingine anacheka (hakuna, ni mimi na sufuria). Filamu ya namna hiyo inataka watu, inataka mmoja aseme huyu mume ni mjinga na mwingine abishe kwamba hapana, amerogwa. Mimi nilibishana peke yangu na nilishinda kila siku.

Basi Alhamisi moja kwenye maombi ya akina mama kanisani, Mama Beti, kiongozi wetu mwenye sauti ya kuamrisha, akauliza kama kawaida, "Nani iko na ombi?" Kila mtu alikuwa na mtu wake, huyu mume, huyu mtoto, huyu shangazi. Miezi yote nilikuwa najibu "mi hapana" na zamu inanipita. Siku hiyo, sijui ni shetani gani, nikasema, "Muniombee dada yangu wa Nia-Nia. Mama mukwe wake anamutilia sumu mu maziwa."

"Yesu!" akasema mmoja, na nyuso zote zikanigeukia.

Ningeishia hapo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini Jumamosi yake wakaja watatu kunitembelea (mimi, ambaye hata kuku wa jirani hawanitembelei!), wakakaa kitandani kwa kuwa kiti ni kimoja, wakauliza mume wa dada anasema nini. Nikawaambia anachosema. Wakarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata, na kila mara nilikuwa nimeshaangalia kipande kingine cha kadi, yaani epizode nyingine, mashamba nimeyageuza machimbo ya dhahabu kama ya kule Nia-Nia, na Klarisa alipoanguka kutoka juu ya farasi mimi nikamwangusha dada kutoka juu ya pikipiki. Nao wakachambua! Mama Beti alishikilia kwamba mume anajua kila kitu, anajifanya tu haoni. Mama Neema, muuza vitumbua, ambaye hawezi kunyamaza, akasema, "Ule mume, mi ningemupikia mawe." Tulicheka mpaka kitanda kikalia. Nilikuwa na furaha, niseme ukweli, furaha ambayo sikuwa nayo tangu nifike Bunia.

Halafu Klarisa akafa. Sikutegemea. Nililia machozi yangu yote, nikaenda kwenye maombi macho yamevimba, wakaniuliza kuna nini, na kabla sijafikiri mdomo ukasema, "Dada ameniacha." (Ningeweza kusema ni moshi wa jikoni. Moshi tu!)

Matanga yetu mnayajua. Siku tatu, mchana kutwa, viti vya plastiki vya kanisa vilijaa uani, akina mama wakapika sombe ya majani ya muhogo, wakaleta unga, sabuni na makala ya kuwashia jiko, wakaimba. Mwenye nyumba, ambaye hajawahi kuniita kwa jina, akaja kunipa pole amevua kofia. Nami nimekaa kwenye mkeka nalia, na mtashangaa nikisema kilio chenyewe hakikuwa cha uongo.

Matanga yalipoisha Mama Beti akanishika mkono. "Mama Merci, usibakie peke yako mu nyumba. Kuya kwangu kesho, tunaangaliaka filme siye wote."

Nikaenda. Wakaniketisha mbele kabisa, kama mfiwa, wakaniwekea sahani ya wali na maharage magotini. Televisheni ikawashwa, na ukaanza muziki ule ninaoujua kuliko wimbo wowote wa kanisa. Kumbe stesheni ilikuwa imeanza kuionyesha wiki ile ile, vipande kadhaa kwa jioni moja! Nilitazama mlango. Kati yangu na mlango walikuwepo akina mama kumi na wawili na meza.

Mwanzoni walitania tu. "Muangalie ule mama mukwe," Mama Neema akasema, "mudomo kama anameza ndimu!" Ulimi uliniwasha nimwambie jina lake, nikameza wali. Kisha mama mkwe akatoa kichupa, akamimina kwenye maziwa.

"Ni kama ya dada ya Mama Merci," mmoja akasema polepole. "Pole, mama. Tuzime?"

"Muzime!" nikasema, haraka mno, na Mama Beti akanitazama. Hakuzima. Akaja mume, akasema yale yale niliyowasimulia, neno kwa neno. Kisha Klarisa akapanda farasi. Nikafumba macho, nikasikia kishindo.

Mama Neema akainama mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu.

"Mama Merci. Kule Nia-Nia iko farasi?"

Walicheka, wenzangu! Walipiga mapaja, mmoja alitoka nje kabisa akashika ukuta. "Na siye tulilia! Mi nilitoa sabuni yangu juu ya mwanamuke wa televizyo!" Nikajaribu kucheka nao, sahani ikateleza, maharage yote kwenye kapeti.

Mama Beti peke yake hakucheka. Alisubiri, akauliza, "Weye, Mama Merci, iko na dada wa kweli?"

Nikasema iko. Nikasema anaitwa Zawadi, tulikimbia pamoja, barabara ilijaa watu, nikaachia mkono wake ili nimshike Dieumerci, na mpaka leo sijui yuko wapi, sijui kama yuko. Nilisema yote kwa pumzi moja, na sikuwa nimewahi kumwambia mtu.

Kutoka nyuma mmoja akauliza, "Hiyo nayo ni epizode ya ngapi?"

Wakacheka upya. Siwalaumu, mimi ningekuwa nyuma labda ningeuliza hivyo hivyo. Mama Beti alipiga meza wanyamaze, lakini nilimwona usoni, hakujua aniamini au asiniamini. Niliokota maharage, nikaaga, nikarudi kwangu.

Nimejiuliza sana kwa nini sikumtaja Zawadi tangu mwanzo. Ukileta ombi, wiki inayofuata watakuuliza mtu wako ana hali gani, na mimi kwa Zawadi sina la kujibu, kwa Klarisa majibu yote yalikuwa kwenye kadi. Basi nimeapa, mtu wa filamu hatatoka tena kinywani mwangu kama ndugu yangu, na kadi nimempa mwenye nyumba. Alhamisi bado naenda, nakaa karibu na mlango, na zamu yangu ikifika naomba afya. Zawadi namwombea nikiwa nyumbani, peke yangu, kwa sauti, kwa sababu pale kwenye maombi hakuna atakayesadiki kwamba ni mtu.