Mlio wa Njia ya Kakese

Mdogo wangu alikuwa na miaka sita. Nilikuwa nimempakia nyuma ya baiskeli, tunatoka shambani Kakese, na sikumfunga miguu kwa kanga kama mama alivyotufundisha. Kwenye mteremko mguu wake wa kulia ukaingia kwenye spoku. Nikasikia mlio mmoja mkavu, kama bua la mahindi linapovunjwa kwa goti. Ndipo akapiga kelele.

Nyumbani nilisema, "Mguu ulinasa kidogo." Mlio sikuusema. Mimi si mwepesi wa maneno, na siku ile niliogopa.

Pale kwetu bibi ndiye aliyekuwa akiwakanda walioteguka. Akakishika kifundo cha mguu, akasema, "Umeteguka huu. Ungevunjika, hata vidole asingevichezesha." Mdogo wangu akavichezesha vidole, wote wakaamini. Mimi nilijua.

Asubuhi na jioni bibi alichemsha maji ya chumvi, akapaka samli ya ng'ombe, akakanda. Kazi yangu ilikuwa kumshika mtoto mabega.

"Bibi, kanda wa kwako!" alilia.

"Wa kwangu ukiuma nitakuita unikande, mama. Tulia."

Siku ya sita palikuwa pamevimba juu ya kifundo, pana joto, na ukisimama upande wa miguuni uliona mguu umepinda. Bibi naye aliona. Akasema mshipa umegoma, leo atakanda kwa nguvu. Mdogo wangu hakulia. Aligeuza shingo tu, akanitazama mimi niliyemshika.

"Bibi, acha," nikasema. "Umevunjika. Niliusikia."

"Uliusikia lini?"

"Siku ile ile."

Akaondoa mikono. Akaifuta samli kwenye kanga yake, kidole kimoja kimoja, bila kunitazama. Kisha akaniagiza vipande viwili vya mbao. Tukauweka mguu katikati yake vile vile ulivyopinda, tukafunga kwa kanga. Bibi akapanda bodaboda amempakata, mimi nikawafuata kwa baiskeli ile ile mpaka Mpanda mjini.

Hospitalini daktari aliitazama picha ya eksirei, akauliza nani amekuwa akiukanda mguu huu. Mfupa ulikuwa umeachana, na umeanza kuunga vibaya.

"Ni mimi, baba," bibi akasema.

"Nyie wazee mtatulemazia watoto!"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Bibi hakugeuka hata mara moja. Aliyapokea yote peke yake, kichwa chini, na mimi nikamwacha ayapokee.

Wakaunyoosha mfupa, wakafunga plasta, ile tunayoiita hogo. Ilipotolewa, mguu ulikuwa umepona, ila unyayo unaelekea nje kidogo. Akikimbia ndipo unaonekana.

Watu bado wanakuja kwa bibi, lakini siku hizi hamgusi mtu. Juzi mama mmoja jirani yetu aliteleza akichota maji kisimani, akaletwa na mkono umevimba. Bibi akanionyesha kwa kidevu.

"Muulizeni huyo kwanza. Yeye ndiye mwenye masikio."

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Nikachuchumaa mbele ya yule mama, nikamuuliza polepole kama alisikia mlio. Akawatazama kwanza waliomleta, ndipo akaitikia kwa kichwa.

Nikaenda kutafuta mbao.