Kikohozi cha Mzee Zebedayo

Mzee Zebedayo, jirani yangu hapa Ikolo, alikuwa na kikohozi ambacho si ugonjwa. Miaka minne alikohoa kila alipokaribia kona ya nyumba yake, ili Tusajigwe, mke wa mwanawe Amon, asikie, ajifunike khanga na kupotelea kwenye migomba. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Vijana wengi wameshaacha. Mzee alishikilia, na binti wa watu akatii. Nilikuwa namtania, "Mzee wa kanisa, huyo utamjua kweli tukifika mbinguni?" Anacheka, anakohoa, anakwenda zake.

Desemba iliyopita alipangiwa kuhubiri Jumapili ya nne ya Majilio, ile ya mwisho kabla ya Krismasi. Jumamosi mchana alikuwa barazani akiandika mahubiri yake. Amon alikuwa Tunduma kikazi, nasi wanawake wote tulikwenda msibani Njisi. Mvua ilikuwa imeharibu njia, hata bodaboda hazipiti. Ndipo akamsikia Tusajigwe ndani akilia kwa uchungu wa kuzaa, wiki tatu kabla ya siku zake.

Akakohoa. Akakohoa tena. Mpaka leo nikiufikiria muda ule alioupoteza mlangoni, hasira zinanipanda.

Mwishowe akaingia. Tusajigwe alikuwa sakafuni, na bado alivuta khanga afunike uso.

"Acha, mwanangu," mzee akamwambia. "Leo hakuna mwingine. Ni mimi."

Akampakia nyuma ya baiskeli, akaikokota kwenye tope katikati ya majaruba ya mpunga hadi zahanati, yule binti amemshika shati kwa mikono miwili. Mzee aliniambia baadaye kwamba njia nzima aliogopa kitu kimoja: binti asije akafa kabla yeye hajamtazama usoni. Jua halijazama, mtoto wa kike akazaliwa, mzima, na mama mzima.

Asubuhi ya Jumapili mshumaa wa nne uliwashwa kanisani. Mzee akasimama mbele bila karatasi.

"Miaka ishirini nawahubiria kwamba Mungu alikuja kukaa nasi," alisema, "na sikujua ninachosema. Angekuwa na adabu kama zangu, angebaki nje ya mlango wetu akikohoa. Lakini aliingia. Alitukuta sakafuni, akaingia."

Akaketi. Hayo ndiyo yalikuwa mahubiri yote. Nililia, na sioni aibu kusema.

Jumatatu mama na mtoto waliruhusiwa, tukawaleta nyumbani. Nilikuwa ndani nikimkanda Tusajigwe miguu, mtoto amelala kifuani pake. Nikasikia hatua za mzee zikija, zikasimama pale kwenye kona. Akakohoa.

Tusajigwe hakuigusa khanga yake.

"Tata," aliita, kama anavyomwita baba yake mzazi, "usikohoe, utamwamsha mtoto. Ingia."