Ndevu za Upande Mmoja

Nilikuwa na ndevu. Si vinyweleo, ndevu! Tangu nilipovunja ungo, shangazi yangu alininyonyoa kwa siri kila Alhamisi, kwanza kwa sukari iliyopikwa na ndimu. Vita vilipokuja sukari ikawa haionekani, akashika uzi.

Mamangu alikataa kuniozesha kwa mwana wa shangazi, akanipa mume mwingine. Shangazi akaomba yeye ndiye anipambe harusini.

Siku ya kutolewa mbele ya wanawake, alininyonyoa shavu la kulia na nusu ya kidevu.

"Kwengine nitamalizia sasa hivi, mwanangu. Fumba macho."

Nikafumba. Akanifunika mtandio, akanishika mkono, akanitoa ukumbini vivyo hivyo. Bibi arusi hasemi, hafumbui macho, hajigusi uso. Nikaketishwa. Shangazi akanifunua mwenyewe, akapiga kigelegele. Hakuna aliyemwitikia. Kisha mtu mmoja akacheka, na ukumbi mzima ukamfuata.

Uzeeni akapofuka, akahamia kwangu, na ndevu zikamwota yeye. Kila Idi nilimnyonyoa upande mmoja.

"Umetakata, shangazi," nikamwambia, kisha nikawafungulia wageni mlango.